Ufa Hauzibwi kwa Rangi

Kuna kauli mbili ambazo nimezichoka. Ya kwanza ni ya muuza vipuri: "Mzee, faiba haitengenezeki, nunua mpya." Ya pili ni ya fundi wa gereji bubu: "Mzee, niachie hapa, jioni utaikuta kama mpya." Wasemaji hawa huonekana kama wanapingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanakula kwa kutojua kwangu na kwako, ndugu msomaji. Mmoja anataka nitupe kitu kinachofaa, mwingine anataka nilipie kitu kisichofaa. Nasema wote wanatudanganya, na nitaeleza sababu.

Tuanze na kitu chenyewe. Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizolowekwa katika gundi iitwayo rezini, kisha zikakauka pamoja zikawa kitu kimoja. Nguvu imo katika nyuzi. Rezini kazi yake ni kuzishika nyuzi zisitawanyike, kama udongo unavyoshikana na fito katika ukuta wa nyumba zetu za zamani. Udongo peke yake hubomoka, na fito peke yake hazizuii upepo. Basi ufa katika faiba maana yake ni kwamba nyuzi zimekatika. Anayetaka kuutibu lazima arudishe nyuzi. Hakuna njia nyingine, na hakuna rangi duniani yenye nyuzi.

Kusema kwamba faiba haitengenezeki ni kuikana historia yake. Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilitoa Corvette za kwanza, 300 tu kwa mwaka ule, bodi zake zikiwa za faiba. Miongo saba imepita, na nyingi kati ya hizo bado zipo. Zingedumuje kama kila ufa ungekuwa hukumu ya kifo? Uingereza nako kulikuwa na Reliant Robin, gari la magurudumu matatu lililoanza mwaka 1973, bodi ya faiba, na halikuwa gari la matajiri. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tazama mashua za faiba hapa Pwani. Nahodha akigonga mwamba hatupi mashua. Huivuta mchangani, akaipindua, akaiziba, akarudi baharini. Inakuwaje kitu kinachotibika kwa mvuvi kisitibike kwa mwenye pikapu?

Mimi ndiye mwenye pikapu. Kanopi yake ya faiba ilipasuka pembeni, ufa wa urefu wa mkono. Niliipeleka kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja, nikalipa fedha ya kutosha, na nikarudishiwa kanopi inayong'aa kama kioo. Miezi mitatu baadaye ufa ulirudi palepale. Nilipokwangua nilikuta puti nene kama chapati, na nyuma yake ufa wa zamani ukiwa haujaguswa hata kwa msasa. Hawakuweka uzi hata mmoja. Wahenga walituasa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Hawakusema tuupake poda.

Kazi ile niliifanya mwenyewe uani, na kanopi ingali juu ya pikapu. Naieleza hapa ili mtu akiambiwa "imekwisha" ajue cha kuuliza.

Kwanza, tibu kutoka nyuma, upande usioonekana. Safisha mafuta na vumbi, kisha saga faiba kuzunguka ufa kwa msasa mkali hadi mng'aro wote uondoke, kwa maana rezini mpya haiungani na ya zamani kwa hiari. Inahitaji mikwaruzo ya kujishikiza. Fanya mteremko wenye upana wa mara 12 ya unene. Faiba ya milimita 3 hudai milimita 36 hivi kila upande wa ufa. Hapa ndipo walipuaji wanapokwepa, kwa sababu kusaga huchukua muda na mteja hakuoni.

Pili, kata mkeka wa nyuzi za kioo vipande vinavyozidiana ukubwa. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, ukilowa, hutoa unene wa milimita moja hivi kwa tabaka. Kwa hiyo unene wa milimita 3 ni matabaka 3, wala hauhitaji mahesabu ya chuo kikuu. Rezini iwe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka.

Tatu, pima hadina kwa mzani. Kiasi chake ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Gramu 200 za rezini zataka gramu 2 hadi 4, basi. Katika joto letu la Dar es Salaam au Mombasa, kaa karibu na ile 1. Fundi anayemimina kwa kukisia ili ikauke haraka anaiunguza: rezini hupata moto, hutoa moshi, na hupasuka kabla gari halijatoka getini. Anayeweka kidogo kupita kiasi naye huacha kitu kisichokomaa kamwe. Lowesha kila tabaka, gandamiza kwa brashi hadi viputo vya hewa vitoke, kisha uache. Puti huja mwisho kabisa, upande wa mbele, nyembamba, kusawazisha tu. Puti ni kama wanja: haumpi mtu macho.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba nikiwafundisha watu kufanya kazi hii nyumbani, nawanyang'anya vijana wa Gerezani na wa Kirinyaga Road mkate wao. La hasha. Fundi anayejua kazi hapungukiwi na mteja anayejua kazi. Huyo ndiye mteja atakayekubali kulipia siku mbili badala ya saa mbili, kwa kuwa anafahamu siku ya kwanza yote ni ya kusaga. Anayeharibu mkate wa fundi mwema ni yule mwenye gari anayetaka bei nusu na kazi jioni, akiridhika na mng'aro. Fundi mwadilifu hushindwa bei na mpaka puti, hadi siku moja naye anaacha mkeka dukani na kununua puti. Hivyo ndivyo ufundi unavyokufa mtaani.

Tena anayelipa gharama kubwa kuliko wote simsikii akitajwa. Ni yule kijana wa miaka 15 anayesaga faiba kifua wazi, kitambaa cha fulana kikiwa ndiyo kinga yake. Vumbi lile ni chembe za kioo na rezini. Huwasha ngozi na huingia kifuani. Harufu kali ya rezini ni kemikali ya stairini, ambayo mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Hadina ni mbaya zaidi kwa macho: tone moja laweza kumpofusha mtu. Hata hivyo nimeiona ikipimwa kwa kizibo na kuuzwa katika chupa ya maji ya kunywa, chupa ambayo mtoto yeyote mwenye kiu ataifungua. Huo si umaskini. Miwani ya kinga na glavu ni fedha ndogo kuliko kopo la rangi. Huo ni uzembe wa watu wazima, na mwenye gereji ambaye hana miwani kwa ajili ya mwanagenzi wake hastahili kuitwa fundi, awe na kipaji namna gani.

Sheria hiyo inamhusu pia anayefanya nyumbani. Fanya nje penye upepo, mbali na jiko na watoto. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Kitambaa hakizuii harufu. Na ujue mipaka. Bampa nyingi za magari ya siku hizi si faiba bali ni plastiki. Geuza nyuma, ukiona herufi PP, rudisha rezini yako kabatini, haitashika. Faiba ya kweli huonyesha nyuzi zake kwa nyuma. Na sehemu inayobeba uzito au uhai wa mtu, mathalani pale mkanda wa kiti ulipofungwa, mpelekee mtaalamu.

Yaliyobaki yamo ndani ya uwezo wa mtu mwenye mzani, msasa na subira. Sisi ni watu tulioshona viatu, tulioziba sufuria, tuliotia viraka mitumbwi. Leo tunafundishwa kutupa, na tunapokataa kutupa tunauziwa kipodozi. Mimi nakataa vyote viwili. Siku nyingine ukiambiwa kazi imekwisha, usitazame mbele panapong'aa. Inama, pitisha mkono nyuma, upapase. Kama hukuta mkeka, usilipe.