Msimng'oe Mzee Barazani Kwake

Leo nataka tusemezane juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa mapenzi, tena tunajisifu nalo, na huku linawamaliza wazee wetu.

Mtaani kwetu Malindi, hapa Unguja, alikuwepo mzee mmoja fundi cherehani. Nusu ya kanzu zilizokuwa zikionekana msikitini siku ya Ijumaa zilipita mikononi mwake. Miaka michache nyuma wanawe walimhamisha. Nyumba ya Mji Mkongwe ilikuwa ikivuja, ngazi zake zimesimama kama mnazi, na yeye magoti yamekwisha. Wanawe wawili, mmoja yuko Maskati na mwengine ana duka Darajani, wakachanga pesa wakamjengea Chukwani: vyumba vinne, vigae mpaka uani, choo ndani kwa ndani, ukuta mrefu na geti la chuma. Nani atawalaumu? Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta nje ya geti, kakaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama gari zinavyopita. Mkwe wake akatuletea kahawa kwenye chupa, imetiwa hiliki na tangawizi kwa mkono usio na uchoyo. Mzee akanywa kikombe kimoja, akakifudikiza.

"Kahawa nzuri, mwanangu," akaniambia, "lakini haina wenyewe."

Neno lile nimelibeba mpaka leo. Kahawa ya barazani ina wenyewe. Nenda Jaws Corner, pale Soko Muhogo, jioni baada ya alasiri. Muuza kahawa ana dele lake la shaba juu ya makaa, na vikombe havina muda wa kukauka. Huyu anasoma gazeti kwa sauti, wale wanapiga dhumna utadhani wanalivunja jiwe, na pembeni kuna bao. Anayeliona bao kuwa ni mchezo wa wavivu hajawahi kulicheza: kete 64, mashimo 32, na mchezaji hodari anazipiga hesabu kichwani kabla hajanyoosha mkono. Mzee wa miaka 75 anayefanya hivyo kila siku, akili yake haipati nafasi ya kulala.

Lakini kubwa la barazani si bao wala kahawa. Kubwa ni kuwa pale kila mtu ana pahala pake pa kukaa, na pahala pakibaki patupu panaonekana. Siku ya kwanza watu huulizana, "Mbona fulani leo hatukumuona?" Siku ya pili hutumwa mtoto akapige hodi. Mzee akivimba miguu, wenzake wameiona wakati anavua viatu. Akianza kupotea maneno, au mdomo ukaenda upande, watu watano wanalijua kabla daktari hajaitwa, na kwa maradhi kama kiharusi saa moja ni mali. Anayeacha vidonge vyake vya presha kwa kuwa "najiona mzima" huzomewa na wagonjwa wenzake, na mzomeo wa rika lako unaingia pale ambapo nasaha za mtoto wako haziingii. Hiyo ni zahanati, ila haina kibao mlangoni.

Wazungu walipolipima jambo hili kwa vitabu na kalamu walifika hapo hapo. Katika Kaunti ya Alameda, California, watu wazima karibu 7,000 waliandikwa mwaka 1965, wakafuatwa miaka tisa. Lisa Berkman na Leonard Syme walipotoa hesabu mwaka 1979, ilionekana kwamba wasiokuwa na watu, yaani wasio na mume au mke, wala rafiki, wala jamaa wa kuingiliana nao, wala jumuiya, walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha wenye watu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake wakakusanya tafiti 148, ndani yake watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi ya wenye mahusiano dhaifu kwa asilimia 50. Na mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa upweke unahusika na vifo zaidi ya 870,000 kila mwaka, sawa na watu 100 kila saa.

Najua mjuzi mmoja atainua mkono: pengine mgonjwa ndiye anayejitenga, si kujitenga kunakomuuguza. Ni hoja yenye haki yake, na watafiti wenyewe wameihangaikia. Lakini walipotia kwenye hesabu afya waliyoanza nayo watu hao, na sigara, na unene, tofauti haikuondoka. Wala mimi sisemi baraza ni badala ya Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mwenye kisukari anywe dawa yake, na kashata apunguze.

Sisi Waislamu, ambao ndio wengi kisiwani, tuna la ziada. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa anayependa kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake, na aunge udugu. Masheikh wamekhitalifiana: je, ni miaka khasa inayoongezwa, au ni baraka ndani ya miaka ile ile? Mimi mtu wa magazeti siingii hapo. Mzee wa Chukwani vyote viwili vilikuwa vinampungua.

Nisije nikafikiriwa nasema na wanaume tu kwa kuwa wao ndio wanaokaa njiani. Bibi zetu hawakai Jaws Corner, lakini wana nyuzi zao, na mimi naona ni madhubuti kuliko zetu: maulidi, hitima, upatu, kwenda kumtazama mzazi, sahani ya futari inayovuka njia, na kurudi hairudi tupu. Mtazameni marehemu Bi Kidude, Fatma binti Baraka. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 hapana aliyeujua umri wake kwa yakini, wengine walisema amepindukia miaka mia. Hakuacha mtoto. Lakini wanawake wangapi kisiwani hapa wamepita katika unyago wake? Alikuwa na ngoma, na taarabu, na watu waliomngoja. (Alivuta sigara pia, nalijua hilo; vijana wasinijie na hoja hiyo.) Bibi wa namna yake ukimhamisha ukampeleka asikokujua mtu, ukamnunulia televisheni kubwa, umemvua nini na umemvisha nini?

Na tuseme ukweli wetu, hata usio mtamu. Tumewahi kuzikata nyuzi hizi kwa mikono yetu bila ya kujenga ukuta hata mmoja. Katika miaka ya uhasama wa vyama hapa Visiwani, walikuwepo majirani waliogomeana salamu, wakagomeana duka, hata na maziko. Mabaraza yakagawika, hili la chama hiki na lile la chama kile. Maridhiano ya vyama hivyo na kura ya maoni ya Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa vilipunguza joto, lakini wako wazee waliokufa na chuki iliyokuwa si yao, wameachiwa na wagombea ambao wenyewe walikuwa wanapeana mikono.

Serikali, kwa upande wake, si kwamba imelala. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alifanya kazi serikalini au alivua samaki maisha yake yote. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na imeongezwa baadaye. Ni jambo la kupongezwa. Lakini pesa haikai na mtu ikamuuliza umelalaje.

Wenzetu wa Zimbabwe wametuzidi kwa jambo ambalo lingekuwa letu. Mjini Harare, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14, akawafunza, kisha akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati wawasikilize wenye dhiki za moyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionesha kuwa waliokaa na mabibi wale walipata nafuu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida. Mabenchi yale sasa yanasifiwa duniani kote. Sisi mabenchi tumerithi ya mawe na chokaa, yamegandana na kuta za nyumba zetu, na tunayaacha yageuzwe pahala pa wageni kupigia picha.

Basi nawaambia vijana mnaojenga Fuoni, Tunguu, Chukwani na Fumba. Jengeni, Mungu awape. Wekeni vigae, wekeni choo cha kukaa, mzee hana magoti. Lakini ukuta ukifika kwenye geti, upande wa njiani, mwambieni fundi apange matofali mistari miwili, urefu wa watu wanne kukaa, apige saruji juu, na apande mti wa kivuli. Na hata hilo halitoshi kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu baraza linahitaji watu na watu hawauzwi na fundi. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki mtieni mzee garini, mrudisheni kwenye mtaa wake, mwacheni pale baada ya alasiri, na msimpigie honi ya kumharakisha mpaka isha iadhiniwe.

Wale wa Chukwani waliambiwa haya na watu wazima. Kibaraza kimejengwa nje ya geti lao, kizuri, kimepakwa chokaa. Mzee hakukikalia hata siku moja. Kilipokauka saruji, tayari tulikuwa tumeshamsomea hitima.