Chango, Mitishamba na Vitenzi Vitatu

Aghalabu mwanamke wa Pwani anayeumwa na tumbo kila mwezi huambiwa kuwa ana chango. Neno hili limebeba mengi. Chango ni utumbo; ni minyoo wa tumboni; na ni yale maumivu ya mji wa mimba yanayoandamana na hedhi. Msomi mwenye pupa atadai kuwa wazee walichanganya mambo, kwani utumbo na mji wa mimba ni viungo mbalimbali. Wazee hawakukosea sana.

Endometriosisi ni maradhi ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, mathalani kwenye ovari na hata juu ya matumbo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190. Wengi wao hufura tumbo, huhara au hufunga choo, hushikwa na kichefuchefu na huumia waendapo haja kubwa, hususan siku za hedhi. Basi mgonjwa hupewa dawa ya amiba au ya vidonda vya tumbo, akarejea nyumbani, na mwezi ufuatao yakawa yale yale. Miaka hupita hivyo. Marehemu Njambi Koikai, mtangazaji aliyefariki Juni 2024, aliyaeleza maradhi haya hadharani bila kuona haya. Kabla yake Wakenya wengi hawakuwa wamelisikia hata jina lake.

Katika miaka hiyo ya kutangatanga ndipo mitishamba hushika nafasi. Mgala muue na haki yake mpe: majaribio kadhaa yameonyesha kuwa tangawizi hupunguza kichefuchefu na maumivu ya hedhi. Mafuta ya mnanaa hulegeza misuli ya utumbo na kupunguza msokoto, ingawa kikombe cha chai ya mnanaa si sawa na kidonge cha mafuta yake. Sanamaki je? Hiyo hufungua choo kwa kuulazimisha utumbo mpana ujikaze. Kwa mwanamke ambaye matumbo yake yamegandamana kwa makovu, mkazo huo waweza kumzidishia uchungu. Muarubaini nao una kioja chake: mafuta ya mbegu zake yameonekana kuzuia mimba katika wanyama wa maabara, ilhali wengi wenye endometriosisi wanatafuta mtoto.

Hakuna hata mmoja kati ya mimea hii uliothibitishwa kuiondoa tishu yenyewe. Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Kiswahili kina vitenzi vitatu: kutuliza, kutibu na kuponya. Tangawizi hutuliza. Vidonge vya homoni na upasuaji hutibu. Kuponya bado hakujapatikana, si kwa mganga wala hospitalini. Muuzaji anayenadi dawa ya "kuponya chango" huviunga vitenzi vyote vitatu kuwa kimoja, na mnunuzi aliyepata nafuu ya siku mbili huamini kuwa amepona, akaahirisha safari ya kwenda kwa daktari.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inaitambua tiba asilia, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, tasnifu za semantiki vyuoni huzungukia mabango ya siasa na majina ya matatu, huku chango likiachiwa wachuuzi. Neno hilo lisifutwe kwa kuwa endometriosisi imewasili. Chango libaki kuwa jina la mlalamiko, endometriosisi iwe jina la ugonjwa, na tofauti hiyo ifundishwe. Isitoshe, kuandika kibandiko cha chupa ni kazi ya saa moja tu kwa mwanafunzi wa istilahi: "Hutuliza tumbo. Haiponyi chango. Maumivu yakirudi kila mwezi, mwone daktari wa wanawake, na umtajie dawa hii."