Kausha kwanza, mafuta baadaye (Mahindi ya ndani, sehemu ya 3)

Mama mwenzangu wa Kilosa na Mikumi, leo tuongelee lile gunia la mahindi lililoko kwenye kona ya chumba. Uji wa mtoto unaanzia pale.

Mnaniuliza sana: "Dada nesi, nikinyunyizia mafuta ya karafuu au mchaichai, mahindi hayapati ukungu?" Jamani, mafuta hayo si uongo. Maabara zimeonyesha yanaweza kuzuia kuvu isikue. Ila kule wanapima kiasi, na chombo kimefungwa. Kwenye gunia lako harufu inapotea, unyevu unabaki.

Kuvu ikishatoa sumu, ile tunayoita sumukuvu, mafuta hayaiondoi. Hata ukichemsha uji saa nzima, sumu ipo. Unga unaweza kuwa mweupe kabisa na bado ukawa na sumu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125. Na anayekula kidogo kidogo miaka mingi, ini lake ndilo linaloumia, mpaka saratani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua turubai, usinunue chupa ya mafuta. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Kisha pima: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Yakikauka, weka gunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Punje zilizooza au zenye ukungu zichambue uzifukie. Usimpe kuku, wala usipeleke kwenye pombe.

Na kama chupa ya mafuta umeshanunua, iweke mbali na mtoto. Akinywa mafuta ya karafuu, hata kidogo, yanaweza kumdhuru vibaya.

Ukiona mtu ana macho ya njano, tumbo limejaa, anatapika, mpeleke hospitali leo leo, na useme mmekula mahindi gani.

Huna turubai? Changeni na jirani, mwanike kwa zamu. Baba naye aelezwe: turubai ni chakula cha mtoto.