Ndugu Salim na Maneno ya Gizani

Miongoni mwa watumishi wa umma waliotoka katika Visiwa hivi, ni wachache waliokabidhiwa dhamana nyingi kama Ndugu Salim Ahmed Salim, na ni wachache zaidi waliosemwa nyumbani kwa minong'ono kama yeye. Mambo haya mawili hayapatani. Tunaona ni wajibu kuyazungumza waziwazi, kwani hayamhusu yeye peke yake.

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Alihudumu pia India na China, na tangu 1970 hadi 1980 akaiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Huko aliongoza Kamati ya 24 iliyoshughulikia uhuru wa makoloni, katika miaka ile ile ambayo Guinea-Bissau, Msumbiji na Angola zilikuwa zikijikomboa. Na mwaka 1979 akachaguliwa Rais wa Baraza Kuu. Nyumbani alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, kisha Waziri Mkuu baada ya kifo cha Ndugu Sokoine mwaka 1984, kisha Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi. Mwaka 1989, Mandela akiwa bado kifungoni na Namibia haijapata uhuru, Afrika ilimkabidhi Ukatibu Mkuu wa OAU, akaushika kwa miaka 12.

Mwaka 1981 nchi za Afrika zilimsimamisha agombee Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Waldheim mara 16, mpaka wote wawili wakakaa kando na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Tulinung'unika wakati ule, na tulikuwa na haki. Lakini ingawa kura zilipigwa faraghani, kila mtu alijua ni dola gani iliyomkataa na kwa siasa gani.

Je, sisi tulimkataa vipi? Mwaka 1985, Mwalimu alipokuwa aking'atuka, jina la Ndugu Salim lilitajwa sana, na baadhi ya wakubwa kutoka Visiwani hawakulitaka. Mwaka 2005, alipoomba kugombea Urais kwa tiketi ya CCM, yalienezwa maneno kwamba ni Hizbu na kwamba asili yake si ya hapa. Chama kilimteua Ndugu Kikwete, na hiyo ilikuwa haki ya chama. Tena yako mambo ambayo mwanachama angeweza kuyauliza kwa heshima: kwamba miaka yake mingi ilipita ughaibuni, na kwamba hakuwa amezoeana na matawi. Hayo ni maswali ya siasa. Nasaba si swali la siasa.

Na hilo la Hizbu lina ajabu yake. Chama cha Umma, alichokuwamo Ndugu Salim katika ujana wake, kilizaliwa mwaka 1963 kwa kujitenga na Hizbu, na mwaka 1964 kikaungana na ASP. Wanachama wake waliingia katika Serikali ya Mapinduzi, wengine kwa cheo cha uwaziri. Anayelitumia neno hilo kama tusi ama haijui historia ya Visiwa hivi, ama anaijua na anategemea kwamba msikilizaji wake haijui.

Ikiwa mtu aliyeaminiwa na bara zima hakusalimika na maneno hayo, kijana wa ofisini mwenye jina lisilopendeza masikio ya mkubwa wake atasalimika na nini? Wako wanaoacha kuomba kazi kabla ya kukataliwa. Wengine wameondoka.

Tunawaomba viongozi wa vyama vyote, na maofisa wanaokaa katika vikao vya uteuzi na ajira, washike utaratibu mmoja. Tuhuma yoyote juu ya mwombaji iandikwe, itiwe saini na mwenye kuitoa, na mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Isiyoandikwa isisikilizwe. Utaratibu huo haungojei sheria mpya. Mwenyekiti yeyote anaweza kuuanza katika kikao chake kijacho.