Nani Alimpikia Mwalimu Melini?

"Wazungu wanajua kumhudumia mtu. Sisi Waafrika, huduma haiko kwenye damu." Maneno hayo yalitamkwa chini ya hema huko Lurambi, Kaunti ya Kakamega, katika mkutano wa kamati ya harusi, na mwalimu mstaafu aliyekuwa amerejea karibuni kutoka Uingereza. Bintiye alikuwa amemlipia safari ya meli ya starehe. Walipandia Southampton, wakapitia bandari za Uhispania na Ureno, na sasa mzee alikuwa akiwaeleza majirani kwa nini chai ya mkutano ilikuwa imechelewa. Watu walicheka, wakaitikia kwa vichwa. Hata waliokuwa wakiandaa hiyo chai waliitikia, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Imani hii imeenea nchi nzima. Inasikika kwenye matatu, kwenye harambee, hata madhabahuni, mhubiri akiwatolea waumini mfano wa mhudumu wa Ulaya anayetabasamu. Wenye hoteli wanaipenda kuliko watu wote kwa sababu inawaondolea lawama. Mteja akikaa saa nzima bila hata maji ya kunywa, kosa linabebeshwa bara zima, si tajiri aliyeajiri mhudumu mmoja kwa meza kumi na mbili.

Siku hiyo, mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi kando ya hema aliuliza swali ambalo hakuna msomi yeyote pale aliyelifikiria. "Mwalimu, hao waliokupikia huko na kukuandalia meza, walikuwa watu wa wapi?"

Mzee akajibu papo hapo: Wafilipino, Wahindi, Waindonesia, na kijana mmoja wa Mombasa aliyemwamkia "shikamoo" asubuhi ya kwanza. Mjadala ulipaswa kufungwa hapo. Haukufungwa, kwa sababu imani ya aina hii haiulizi ushahidi umetoka wapi.

Na ushahidi wa mwalimu mwenyewe, ukiusikiliza kwa makini, ulikuwa na matamu na machungu. Chakula kilikuwa tele: mayai, soseji, samaki, mikate ya kila sura, keki zilizopangwa kama za maonyesho. Lakini mchana foleni ya kujipakulia ilikuwa ndefu, na viazi vilifika mezani vimepoa. Wali ulikuwa mgumu. Supu ilikuwa haina ladha. Soda na maji ya chupa vililipiwa kando. Halafu hesabu yake ikakutwa na vinywaji ambavyo hakuagiza, na afisa wa mapokezi, Mzungu, akamzungusha kwa siku mbili kabla ya kumrudishia pesa zake. Yaliyomfurahisha yalikuwa mengine kabisa. Mpishi Mhindi, aliposikia kwamba mzee hawezi kunywa maji ya moto yenye kifuko kinachoelea, alimchemshia majani, maziwa na tangawizi katika sufuria moja. Mhudumu Mfilipino aliambiwa mara moja tu kwamba mgeni wake ni Msabato na hali nguruwe, na hakulisahau hadi mwisho wa safari.

Basi yaliyompendeza yalitoka mikononi mwa watu wa Manila, wa India na wa Mombasa. Lililomkera zaidi lilitoka kwa Mzungu. Kisha mzee akapanda ndege, akafika Lurambi, akawagawia Wazungu sifa zote. Huku ni kuwadhulumu waliomhudumia.

Meli za starehe ndizo ushahidi mkubwa zaidi duniani dhidi ya hadithi ya damu. Kampuni ni za Marekani na Ulaya, bendera ni za Bahama, Panama au Malta, na wanaopika, wanaotandika vitanda na wanaobeba sahani wengi wanatoka Ufilipino, India na Indonesia. Miaka ya karibuni kampuni kama MSC zimeanza kuwachukua vijana wa Kenya pia. Wanakwenda kwa mikataba ya miezi kadhaa, wanafanya kazi siku saba kwa wiki, na abiria wanawasifu. Kijana aliyeitwa mvivu katika hoteli ya mjini Kakamega anageuka hodari akishavaa sare ya meli. Damu yake haikubadilishwa bandarini. Kilichobadilika ni mpango wa kazi.

Mpango wenyewe unaonekana. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 na ina wafanyakazi 2,350 hivi, yaani mfanyakazi mmoja kwa takriban kila abiria watatu. Ni mkahawa gani wa Kakamega wenye hesabu hiyo? Katika kampuni nyingi kubwa za Marekani, bakshishi ya kila siku huongezwa moja kwa moja kwenye hesabu ya abiria. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unataka baharia apate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24. Nasi tunamtaka msichana wa mkahawani atabasamu saa 3 usiku, ilhali amesimama tangu alfajiri na mshahara wa mwezi uliopita hajauona.

Mkataba huohuo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Itajwe hapa kwa sababu mawakala wamejaa mijini wakiwatoza vijana maelfu ya shilingi kwa ahadi ya kazi melini, na wazazi wanauza ng'ombe kulipia ahadi hizo. Anayedai ada hiyo ni mwizi, na afikishwe kwa polisi.

Usafi nao hausimami juu ya ustaarabu wa kuzaliwa. Tangu 1975, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kina mpango wa kukagua meli zenye abiria 13 au zaidi zinazoingia bandari za nchi hiyo kutoka nje. Wakaguzi hufika bila taarifa, hukagua jikoni, matangi ya maji na majokofu, kisha hutoa alama zisizozidi 100. Meli inayopata 85 au pungufu imeanguka, na matokeo hutangazwa yasomwe na kila mtu. Tajiri wa meli anasafisha jiko kwa sababu anaogopa alama hiyo.

Mpango ukivunjika, meli ya Wazungu inanuka kama mahali popote pengine. Februari 2013, moto uliwaka katika chumba cha injini cha Carnival Triumph, meli ya kampuni ya Marekani, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Ilielea katika Ghuba ya Meksiko bila nguvu, vyoo vikafurika, abiria wakapanga foleni za saa nyingi kupata chakula, mpaka ikakokotwa hadi Mobile, Alabama. Wahudumu walikuwa walewale waliosifiwa juma lililotangulia. Umeme ndio uliozimika.

Wapo watakaosema kwamba Mwafrika hawezi kuhudumia kwa sababu ana kiburi cha asili. Hoja hii ni ya kitoto. Wanaoisema hawajawahi kukesha kwenye matanga ya Butsotso wakaona akina mama wakisonga ugali wa mamia ya watu juu ya mafiga, gizani, mvua ikinyesha, na kufikia mchana kila mgeni amekula, wazee wamepewa kuku wao na watoto hawakusahaulika. Hawajakaa kwenye vibanda vilivyo karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ambako mama mwenye majiko mawili anawalisha wanafunzi chapati na madondo, au saga na mrenda, kabla ya kipindi cha saa 8. Anajua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hali pilipili. Kiburi hicho cha asili kiko wapi?

Nuno lililopo katika hoteli zetu lina waliolifundisha. Mhudumu anayempita mteja mweusi aliyetangulia ili akimbilie meza ya mgeni mweupe ameona meneja wake akifanya hivyo kila siku. Wanaofunzwa vizuri wanafanya vizuri: Chuo cha Utalii, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi, kimetoa wapishi na wahudumu wanaogombewa hadi Ghuba ya Uarabuni. Hoteli hutozwa ushuru wa asilimia 2 unaosaidia mafunzo hayo. Fedha zipo, shule ipo, vijana wapo.

Kilichobaki kimo mikononi mwa watu wanaojulikana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouza chakula kwa umma. Serikali ya Kaunti ya Kakamega itume wakaguzi bila taarifa, na kila hoteli ibandike mlangoni alama zake kwa maandishi makubwa. Wenye mikahawa waajiri watu wa kutosha na wawalipe kwa wakati. Kazi hiyo ianzie Lurambi, mwaka huu.