Sema Ulichokiona

Majina yanapoanza kupanda kwenye skrini, ukumbi mzima unasimama. Mimi nabaki kitini. Kazi yangu ni ufundi cherehani, nina chumba cha kushonea Kariakoo, na kwenye yale maandishi madogo ndiko waliko wenzangu: mbunifu wa mavazi, mkataji, mshonaji, na yule ambaye kazi yake ni kuichakaza nguo mpya mpaka ionekane imefuliwa miaka. Kijana wa usafi huwa ameshaingia na ufagio na mfuko wake mweusi, bisi zinapondeka chini ya viatu vya wanaotoka, na ananitazama kwa subira inayozidi kupungua. "Anza na safu za juu, mwanangu," humwambia. Naye huanza na za juu.

Siku niliyokwenda Mlimani City kuangalia Sinners, filamu ya Ryan Coogler iliyotoka Aprili 2025, waliowahi daladala walikosa utamu wenyewe. Majina yanakatika katikati, picha inarudi. Mwaka ni 1992, mji ni Chicago, na yule kijana mpiga gitaa tuliyemwacha Mississippi mwaka 1932 sasa ni mzee anayepiga blues kwenye klabu. Anayemwigiza uzeeni ni Buddy Guy, mpiga blues wa kweli, mzaliwa wa 1936. Wanaingia wageni wawili wa zamani ambao hawajazeeka hata kidogo, mmoja amevaa sweta la rangi nyingi kama yale waliyovaa vijana wa wakati ule. Ndiyo, nimekuhadithia. Kuhadithiana nako kuna kesi yake, nitaifikia.

Aliyebuni mavazi ya Sinners ni Ruth E. Carter, na kwangu jina lake ni sababu tosha ya kununua tiketi. Ndiye aliyebuni mavazi ya filamu zote mbili za Black Panther, akapata Oscar mwaka 2019 na nyingine mwaka 2023, mwanamke mweusi wa kwanza kupata mbili. Kofia ya malkia wa Wakanda, nchi ya kwenye filamu hizo, aliitoa kwenye kofia za wanawake wa Kizulu walioolewa, halafu akaitengeneza kwa mashine ya kuchapa vitu. Mablanketi ni ya Basotho. Wale walinzi wa kike wenye mavazi mekundu, ukiyaangalia vizuri yale mapambo ya vifuani utaona shanga za Wamasai. Katika Sinners kazi yake ni ya chini kwa chini. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, na kama si mavazi ungehangaika saa mbili nzima ukijiuliza huyu ni yupi. Mmoja kofia ya bluu, mwenzake kofia nyekundu. Basi. Hakuna aliyelazimika kutuelezea.

"Shangazi, wewe unaangalia nguo tu, hadithi inakupita," binti wa kaka yangu aliniambia tukishuka ngazi. Yeye anaangalia mapenzi, na akitoka huko ana kesi na kila mwanamume aliyemo. Shemeji yangu ni dereva wa lori, njia yake ni Tunduma, na hajawahi kuufurahia mfukuzano wa magari kwenye filamu yoyote kwa sababu hakuna gari linalopasha breki moto, na hakuna dereva anayeangalia kioo cha pembeni. Wote wawili wananichosha na wote wawili ninawahitaji. Nusu ya raha niliyoilipia huwa naipata nje ya ukumbi, nikisikia mwenzangu aliona nini mahali nilipoona mshono.

Ndiyo maana sipendi jibu la siku hizi. Unamuuliza mtu, muvi ilikuwaje? "Kali." Kali vipi? "Ni kali tu, nenda kaangalie." Au mbovu, na ubovu nao hauelezwi. Mtu amekaa gizani saa mbili, ametoa hela ya tiketi, ya bisi na ya soda, hela ambayo kwa wengi wetu ni ya mboga ya siku kadhaa nyumbani, halafu anatoka na neno moja! Mimi nikitoa hela hiyo nataka maneno ya wiki nzima.

Maneno yenyewe nayapata nje ya duka langu, kwenye benchi la kahawa. Kuna mzee mmoja, kwao Kisarawe, ambaye hajaingia ukumbi wa sinema tangu enzi za Avalon na Odeon. Nilipoanza kuwasimulia Sinners, alikatiza kwa swali moja.

"Steringi anakufa?"

"Mmoja anakufa, mzee wangu. Mwenzake anageuzwa mnyonya damu."

"Basi hao si masteringi. Endelea."

Nikaendelea. Mapacha wamerudi kwao Mississippi kutoka Chicago, wamenunua kinu cha zamani cha kupasulia mbao, wanataka kufungua ukumbi wa muziki na pombe kwa ajili ya watu weusi wanaoshinda mashambani kwenye pamba. Aliyewauzia ni mzungu mwenye nia ya kuja kuwaua asubuhi. Usiku huohuo wa ufunguzi wanakuja wanyonya damu, kiongozi wao ametoka Ireland, na kinachowavuta ni gitaa la yule kijana, mtoto wa mchungaji. Wanasimama mlangoni wakiomba kwa upole wakaribishwe, kwa sababu bila kukaribishwa hawawezi kuingia.

Mzee aliweka kikombe chini. "Mumiani," alisema. "Huyo ni mumiani."

Vijana wawili waliokuwa hapo walicheka, kwa sababu kwao mumiani ni kitu cha kutishia watoto. Mzee hakucheka. Alitueleza jinsi mama yake alivyokuwa akiwaita ndani wakati wa magharibi, na jinsi gari jekundu la zimamoto likipita barabarani watu wazima walivyokuwa wakihama njia. Watu waliamini kuna waajiriwa wa serikali ya kikoloni wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu, ikatengenezwe dawa ya Wazungu. Uvumi huo ulienea Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 2000. Haikuwa lazima damu itolewe kweli. Mtu aliyechukuliwa ardhi yake, akalipishwa kodi ya kichwa, akapelekwa kufanya kazi asiyoichagua, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba na damu nayo inatakiwa.

Nilikuwa nimekaa ukumbini nikihesabu vifungo vya visibao, kumbe filamu niliyokuwa naiangalia imefanana kiasi kile na habari ya hapa kwetu, ya miaka ileile. Coogler alikuwa anasimulia Mississippi yao. Aliyeileta Kisarawe ni mzee ambaye filamu yenyewe hakuiona.

Hapo ndipo mteja wangu mmoja, mama mlokole wa Mbezi aliyekuja kupima gauni, alipoingilia. Yeye filamu aliiona, na alitoka katikati. Kuna sehemu ambapo kijana anaimba na muziki wake unafungua njia: ukumbini wanatokea wacheza ngoma wa kale wa Afrika, mpiga gitaa la umeme wa miaka ya baadaye, vijana wa hip hop, hata wachezaji wa kale wa Kichina, wote wanacheza pamoja na wale wakulima wa pamba. "Ni kuita mizimu," alisema mama, "na wamelipamba ili lipendeze." Mzee akamwambia pwani watu wamechezewa ngoma za pepo miaka na mikaka na asubuhi wakaenda shamba. Mama akamwambia ndiyo maana. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, mimi na sindano mdomoni siwezi hata kutia neno. Nilichokiona ni hiki: mama yule, kwa kuchukia kwake, aliikumbuka sehemu ile kwa undani kuliko mtu yeyote aliyeniambia filamu ni kali. Alikumbuka nani alitokea kwanza, nani alisimama wapi, na paa lilipowaka moto. Ningefurahi gazeti lingempa safu.

Sasa ile kesi ya kuhadithiana. Binti wa kaka yangu na wenziwe wana sheria kwamba aliyeona asiseme, eti atawaharibia. Mimi nimekulia Tanga, na mama yangu alinisimulia filamu ya Mother India akinisuka nywele, kabla sijafikia umri wa kupelekwa sinema ya Majestic. Nilijua Nargis, anayeigiza mama, atalima kwa mikono yake, nilijua yule mkopeshaji ni mshenzi, na nilijua mwishoni mama huyo atampiga risasi mwanawe wa kumzaa. Nilipokuja kuiangalia ukubwani nililia palepale mama aliponiambia nitalia. Filamu zile zilisemwa kwa Kihindi ambacho wengi wetu hatukukijua. Mtaa ulizielewa kwa sababu aliyekwenda alirudi na kazi ya kusimulia, na waliokwenda wawili walirudi na hadithi mbili.

Hata kwenye vibanda umiza kazi hiyo iliendelea. Marehemu Lufufu alipokuwa anaweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anamsema adui, anamhurumia mke wa steringi, anaeleza mambo ambayo mwongozaji mwenyewe hakuyaweka. Kuna wasomi waliokereka. Mimi namhesabu kuwa mchambuzi wa filamu aliyesikilizwa kuliko wote nchini, na hakuwahi kutoa nyota tano kwa kitu chochote.

Kwa filamu za kigeni, basi, uvivu wetu ni wa kusema neno moja. Kwa za nyumbani tumeongeza na woga. Tumejitungia adabu kwamba cha kwetu husifiwa kwanza, kasoro zitasemwa "wakishakua". Neno lenyewe ni tusapoti. Nakubali kununua tiketi. Nilinunua ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na nilitoka nikiwa na mengi. Nilipenda jinsi usiku wa Unguja ulivyoachwa uwe usiku, uso unatoka kwenye kivuli taratibu, na kitambaa kinaonekana uzito wake. Nilimpenda Siti Amina kama Mwajuma, kila alipoingia chumba kilijaa. Lakini naona mapenzi ya wahusika wakuu, Denge na Yasmin, yalipewa nafasi kubwa kuliko siasa iliyomfanya Denge awe Denge, na mtu asiyeijua Zanzibar ya miaka ya 1950 anaweza kutoka bila kuelewa vizuri wale askari walikuwa wanamtafutia nini. Binti wa kaka yangu, aliyesoma riwaya ile kidato cha sita, alikuwa mkali zaidi: walikata mno, na Yasmin wa kitabuni ana maneno mengi kuliko huyu. Tukabishana toka Mlimani City mpaka Magomeni. Sidhani kama kuna heshima kubwa zaidi ambayo filamu ya Kitanzania inaweza kupewa na watu wawili waliosimama kwenye daladala.

Mtu wa maigizo ya televisheni ni mteja wangu, jina nalihifadhi. Alikuja kuchukua suti yake, nikamwambia nimeona igizo lao. Akatabasamu akisubiri sifa. Nikamwambia: mjane wenu wa kijijini, aliyeuza mbuzi wa mwisho, amevaa dera ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Mistari minne, unaiona wazi, imekaa kama ilivyotoka kwenye mfuko wa nailoni. Na kucha zake ni za saluni.

"Mama, tutiane moyo jamani," alisema. "Mazingira yetu unayajua."

Nayajua. Mimi pia nashonea kwenye chumba ambacho umeme ukikatika nakanyaga cherehani kwa mguu. Nikamwonyesha suti yake aliyokuwa ameishika. Alipokuja kuijaribu mara ya kwanza aliniambia kwapa linabana na mkono wa kushoto ni mrefu. Hakunitia moyo hata kidogo. Nilifumua, nikashona upya, na ndiyo maana amerudi kwangu kuichukua. Mteja ninayemwogopa ni yule anayesema "nzuri, nzuri," analipa, na sherehe inayofuata namwona amevaa kazi ya fundi mwingine.

Alinyamaza kidogo, akaizungusha mikono kwenye suti. Kisha akauliza kuchakaza dera moja ni shilingi ngapi. Nikamweleza kazi yake: unalifua, unalianika kwenye jua kali, unalisugua msasa mabegani na kwenye makalio ambako nguo huisha kwanza, unalifumua pindo na kulishona kwa uzi usiofanana nalo, maana mjane wa mbuzi mmoja hana uzi wa rangi ileile. Siku tatu. Nikamtajia bei.

"Ghali, mama."

"Si ghali. Keti nikuonyeshe msasa."