Picha Ile Ina Wenyewe Wawili

Maji yalikuwa yametoka na boti ya Kisiwa Panza ilikuwa imelala kwenye tope. Chokocho, kusini mwa Pemba, ukikuta maji yametoka huna la kufanya ila kusubiri, kwa hiyo tulikaa kivulini tukapiga soga. Kijana mmoja wa hapo hapo, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaozamia, akanitolea simu. "Kaka, hebu mtizame huyu."

Alikuwa koa wa baharini, yaani konokono asiye na gamba. Mwili mweusi, mistari myeupe, pindo la rangi ya chungwa kama kanga mpya. Picha kali kweli, unaona mpaka vipembe viwili kichwani. Chini yake kulikuwa na maelezo: jina la mpiga picha, aina ya kamera, lenzi, taa mbili, nafasi aliyoshika kwenye mashindano huko kwao, halafu "Pemba, Zanzibar". Basi.

"Nilimwona mimi," kijana akasema. "Yeye alikuwa anahangaika na samaki. Nikagonga mtungi, nikamwita."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza nyumba yao iko wapi. Hasira ni yangu mimi, na ndiyo iliyonikalisha kuandika haya. Picha ya mdudu mdogo wa baharini ina wenyewe wawili: aliyemwona na aliyempiga. Tunamwandika mmoja. Nasema kumwacha wa pili si kupitiwa. Ni kusema uongo, tena uongo tuliouzoea hadi hatuusikii.

Kwa ambaye hajawahi kuzamia, nieleze kazi inavyokwenda. Koa wengi wana urefu wa sentimita 2 au 3, wengine hawafiki hata moja. Ukuta wa matumbawe upande wa magharibi wa Pemba unashuka ghafla kuelekea mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na umejaa rangi kila mahali. Kumtafuta mdudu wa ukubwa wa kucha kwenye ukuta ule, huku hewa ya mtungi inapungua na mkondo unakusukuma, ni sawa na kutafuta shanga iliyodondoka sokoni Chake siku ya mkesha wa Idi. Mgeni ana siku tano au sita za likizo. Hamwoni. Anayemwona ni kijana aliye mbele yake na kijiti cha chuma mkononi, ambaye hamtafuti koa hata kidogo. Anatafuta chakula chake. Koa wengi hula sifongo, na aina nyingi hushikilia sifongo za namna moja tu. Ukiijua sifongo, ukajua inamea wapi, koa utamkuta mezani.

Sitaki kumdhulumu mpiga picha. Kazi yake ni ngumu. Chini ya maji rangi hufa moja moja, na nyekundu ndiyo ya kwanza kwenda. Ukifika mita 10 hivi imeshafifia sana, na ukienda chini zaidi mdudu mwekundu unamwona kijivu. Rangi inayotushangaza kwenye simu zetu imerudishwa na taa za kamera. Mpiga picha lazima atulie majini asipande wala asishuke, asiguse tumbawe, abane pumzi yake kidogo kidogo, aupate ule upembe wa koa usiwe na ukungu. Huo ni ufundi, na kamera yenyewe bei yake inanunua boti. Haya yote nayakubali. Ninachouliza ni kimoja: kama lenzi ambayo haina macho imeandikwa jina, mwenye macho amekosa nini?

Nilimuuliza kijana alijifunzia wapi kuona. Nilitarajia ataje kozi, au mzungu fulani aliyemfundisha. Akacheka. "Kwa mama," akasema. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, alikuwa akimfuata mama yake kwenye mwamba kuchokoa pweza. Mama hamtafuti pweza, kwa sababu pweza hujigeuza rangi ya jiwe na humwoni hata ukimkanyaga. Anatafuta vijigamba vya kaa na kombe alivyovitupa mlangoni baada ya kula. Ukiona jalala, ujue mwenye nyumba yumo.

Hapo nikanyamaza. Jicho lililoipata picha ile ya mashindano lilinolewa na mwanamke wa Chokocho mwenye kijiti, kwenye maji ya magotini. Kuwatafuta pweza kwa jalala lao na koa kwa chakula chao ni elimu ile ile, ila mmoja wa mita 1 na mwingine wa mita 20. Na wala si elimu ya kubahatisha. Ng'ambo hapo tu, Kisiwa Panza, wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaufungua. Hufungi mwamba usioujua.

Sasa tuangalie historia kidogo, maana hili halikuanza na Instagram. Mwanzoni mwa karne ya 20 Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa chini ya Kamishna Sir Charles Eliot, yule aliyefungua nyanda za juu za Kenya kwa walowezi wa kizungu kabla ya kujiuzulu mwaka 1904. Wanaomjua kwa ardhi mara nyingi hawajui kwamba alikuwa bingwa wa makoa wa baharini. Alieleza kitaalamu koa wengi wa Unguja na pwani hii, wakiwemo waliokusanywa na Cyril Crossland mwaka 1901 na 1902. Mmoja wa jamii mpya akampa jina la Crosslandia, kumuenzi mkusanyaji. Mwingine, mwaka 1904, akamwita Halgerda wasinensis, yaani wa Wasini, kisiwa kilichoko ng'ambo ya mkondo huu huu wa Pemba. Wa tatu, mwaka huo huo, Chromodoris africana.

Ona basi. Mkoloni, tena yule, alijua kwamba aliyemwokota mdudu anastahili kuandikwa. Alijua pia kwamba kisiwa kidogo kama Wasini kinastahili kutajwa kwa jina lake. Miaka zaidi ya 120 baadaye, tukiwa na simu zinazoweza kuandika chochote, mwokotaji wa Chokocho hana nafasi hata ya mstari mmoja, na Chokocho yenyewe imemezwa ndani ya neno "Zanzibar". Tumerudi nyuma ya Eliot! Sikutarajia siku moja nitaandika sentensi hiyo.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Amelipwa mshahara na bakshishi, anataka nini tena?" Mpiga picha wa gazeti naye hulipwa, na jina lake tunaliweka. Malipo hununua saa za mtu. Hayanunui ukweli wa nani alifanya nini.

La pili: "Mbona mwenyewe hakuomba?" Ni kweli, hakuomba. Kwetu mtu mwenye adabu haombi kusifiwa na mgeni wake. Lakini ukiufanya upole wa mtu kuwa ruhusa ya kumfuta, umeugeuza upole wake ukawa mtego.

La tatu nalisikia kwa wenzangu wa hapa nyumbani: "Jina tu hilo, linaleta unga?" Linaleta. Kijana yule anataka kuhamia sehemu yenye kazi mwaka mzima, labda Mafia, labda Oman. Kila anapouliza anaambiwa alete ushahidi wa uzoefu. Ushahidi upo, umejaa duniani, wenye rangi zote na medali juu. Hauna jina lake. Kwa mpiga picha jina lile ni pambo. Kwa mwenzake lingekuwa cheti.

Na sasa nijinyooshee kidole mwenyewe, maana ni rahisi kumpiga mgeni aliyekwisha kupanda ndege. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi. Kila kijiji nilichoingia palikuwa na mtu aliyenipeleka kwa anayejua, akanitafsiria lahaja, akanambia huyu usimuulize hili. Nikirudi mjini habari inatoka na jina moja, langu. Wahariri wangu hawakuniuliza hata siku moja nani alikuonyesha, na mimi sikuwaambia. Mpiga picha yule wa koa amefanya baharini ninachofanya mimi nchi kavu. Ndiyo maana nilikereka upesi vile.

Ninachotaka hakihitaji sheria wala semina hotelini. Ni neno moja kwenye maelezo ya picha: "Alimwona", likifuatiwa na jina, kama mwenyewe ameridhia. Tena si "mwongozaji wetu mzuri", kwa sababu hilo ni jina la fenicha. Jina la mtu na la baba yake, na la kijiji chake. Waandaaji wa mashindano wakitaka, wanaweka kisanduku hicho kwenye fomu, pale pale wanapouliza aina ya lenzi. Majarida yetu ya Kiswahili yaanze hata kabla yao.

Maji yaliporudi boti ikainuka, nikaondoka. Kabla ya hapo kijana aliniomba nimwandikie barua ya utambulisho, kwa kuwa mimi ni msomi. Niliiandika pale pale juu ya goti, nikaeleza kwamba anaijua bahari. Mtu ambaye sijawahi kuzama naye hata mara moja, nilimtolea ushahidi kwa karatasi ya daftari, na wakati huo huo picha iliyoona kazi yake kwa taa mbili ilikuwa imekaa kimya kwenye simu mfukoni mwake.